Faili lipo kwenye simu, ila halionekani

Wateja wengi wanaotujia tuwapangie mafaili ya simu hawajapoteza faili lolote. Lipo humohumo kwenye simu. Mtu anakumbuka kabisa alitumiwa picha ya mkataba, anaandika "mkataba" kwenye kisanduku cha kutafutia, na simu inamwambia hakuna kitu. Simu haimdanganyi. Kwenye Android, picha iliyoingia kwa WhatsApp huitwa kitu kama IMG-20240315-WA0007.jpg: tarehe na namba basi, neno mkataba halimo.

Wengi hukimbilia kufungua folda, nazo zinasaidia mpaka siku unapopata risiti ya matengenezo ya gari. Iende folda ya Gari, ya Risiti, au ya Kodi? Ukiinakili kote kutatu, baadaye hujui nakala ipi uliirekebisha. Lebo inaondoa swali hilo: faili linabaki mahali pake pamoja, linabandikwa maneno yote matatu, na utalipata kwa lolote kati ya hayo. Gmail ilianza kupanga barua kwa lebo tangu 2004, kwa hiyo huenda umeshazoea jambo hili bila kulitilia maanani.

Kwenye iPhone, lebo zimo ndani ya programu ya Files tangu iOS 11 (iOS ndio mfumo wa iPhone) ya mwaka 2017. Bonyeza faili ushikilie, menyu ikifunguka gusa Tags, kisha ongeza lebo uliyoiandika mwenyewe. Utakutana na lebo za rangi zilizokuja na simu; ushauri wetu ni kuachana nazo. Baada ya wiki chache hakuna anayekumbuka ile ya zambarau ilikuwa ya nini. Kwa picha zilizo kwenye albamu, tangu iOS 14 unaweza kuivuta picha juu na kuandika maelezo chini yake, na maelezo hayo hutafutika.

Wenye Android wana kazi kidogo zaidi. Files ya Google inakupa nyota ya kuwekea mafaili unayoyapenda, si lebo za maneno. Zipo programu nyingine zinazoweka lebo, lakini kabla ya kubandika mia kwa mpigo, chunguza lebo hizo zinahifadhiwa wapi. Zikiwa ndani ya programu yenyewe tu, siku ukiifuta zinakwenda nayo.

Hata lebo za iPhone zina mpaka wake. Mfumo wa simu huziweka pembeni ya faili, si ndani ya maandishi yake. Ukimtumia mwenzako risiti hiyo kwa WhatsApp, itafika bila lebo hata moja.

Ndiyo maana kwa karatasi muhimu sisi huyaweka maneno ya lebo kwenye jina la faili: 2024-03-15 gari risiti kodi.pdf. Mwaka ukitangulia, mafaili yanajipanga yenyewe kwa tarehe. Jina husafiri na faili likitumwa kama dokumenti, na kisanduku cha kutafutia cha simu yoyote hulisoma. Epuka alama kama / : na ? kwa sababu Windows haizikubali kwenye majina.

Kinachoharibu mpangilio mara nyingi ni maneno yenyewe. Leo mtu anaandika ankara, kesho invoisi, keshokutwa bili, na kila neno linaleta theluthi ya mafaili. Chagua moja, ulishikilie. Lebo kumi hivi zinawatosha watu wengi; ukifika thelathini, utaanza kutafuta lebo badala ya faili. Zile tunazozipenda kuliko zote ni za kazi inayosubiri, mfano kulipa au kusaini, kwa sababu huondolewa kazi ikiisha. (Ukiiacha lebo ya kulipa kwenye bili iliyolipwa, utakuja kuilipa tena.)

Ukija kwetu, simu inabaki mkononi mwako na nywila hatuziulizi. Tunaanza kwa kuhifadhi nakala ya kila kitu, kisha tunakuuliza ni mafaili gani ulihangaika kuyatafuta hivi karibuni. Lebo zako zitatoka humo. Mrundikano wa miaka iliyopita hatuupangi faili kwa faili. Unaingia wote kwenye folda moja iitwayo Zamani, na kila utakapofungua faili la humo kwa shida fulani, ndipo utakapolipatia jina lake.