Maduka ya bei chee tuyakague, tuache kuyasengenya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika kwamba maduka ya bei chee yanayochipuka huku Temeke yanatulisha makapi, akamalizia na methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Simjui na sina ugomvi naye. Ila mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tandika. Mtu akinipigia leo kwamba ana pilau ya watu 300 Jumamosi, kesho yake asubuhi nipo sokoni na orodha mkononi. Mchele, mafuta, binzari na nyanya za kopo ndiyo riziki yangu, na sehemu kubwa ya vitu hivyo nanunua hukohuko anakokutukana.

Nahisi hajawahi kuingia ndani. Duka ninalokwenda mimi halina kiyoyozi wala muziki. Bidhaa zimebaki kwenye maboksi yake, boksi limechanwa mbele kwa kisu, unajichukulia mwenyewe. Sabuni ya unga utakuta aina mbili, hakuna cha kuchagua kumi na tano. Hakuna kijana wa kukufungashia wala wa kukusukumia kitoroli. Mwenye duka kila anachokikwepa hapo anakitoa kwenye bei, basi, hakuna uchawi. Sehemu nyingine ya mzigo wake ni mabaki ya waingizaji: vitu vilivyobakiza miezi miwili mitatu kuisha muda, makopo yaliyobonyea njiani, pakiti nzima zilizotoka kwenye boksi lililolowa bandarini. Tende ndiyo usiseme. Ile tende inayouzwa kwa mbwembwe mwezi wa Ramadhani, wiki moja baada ya Idi unaipata kwa bei ya kutupa, na ni ileile.

Kwenye makopo kuna utaalamu kidogo, na heri kuusema hadharani kuliko kutishana. Kopo lililobonyea ubavuni, kama mkunjo wake haukugusa mshono wala ukingo wa juu na wa chini, halina neno. Lililovimba usilichukue hata ukipewa bure, maana kilichomo ndani kimeshaanza kufanya kazi ya kutoa gesi. Lenye kutu iliyokula hadi ukikwangua kwa ukucha inabaki tundu, acha. Mimi nabonyeza kifuniko kwa kidole gumba. Kikibonyea na kurudi kwa mlio, nalirudisha kwenye boksi. Hii siyo elimu ya maduka ya bei chee peke yake. Kopo bovu nimelikuta pia kwenye rafu inayong'aa, limewekwa nyuma ya mazima.

Sasa mchele, ambao ndio hasa ulionifanya nichukue kalamu. Msomaji wako anasema mchele wa maduka haya ni wa zamani na hauna harufu. Kweli kabisa, ni wa msimu uliopita, na kwa pilau ndio ninaoutafuta! Mchele uliotoka shamba juzi bado una unyevu. Ukiutia kwenye sufuria kubwa ya moto wa kuni, chini unakuwa uji na juu unabaki na kiini. Uliokaa ghalani msimu mzima umekauka, unakunywa supu vizuri, unarefuka, na punje inaachana na mwenzake. Harufu ya pilau inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa cha kahawia, na kwenye binzari, mdalasini na iliki. Mchele unabeba tu. Wali mweupe wa nazi hapo sawa, nipe Kyela mpya nami nitakushukuru. Lakini tusidanganyane, gunia lenye jina la Kyela hapa mjini si lazima limewahi kuiona Kyela, na wauza mchele wenyewe wanajua wanavyochanganya.

Kuna na chenga, yaani punje za mchele zilizovunjika. Watu wanaziita chakula cha kuku. Wiki hii kwenye duka hilo chenga ni 1,400 kwa kilo na mchele mzima 2,600. Anayekaanga vitumbua ataloweka mchele kisha asage mpaka uwe laini kabisa, sasa analipia punje nzima ya nini wakati anakwenda kuivunja? Mkate wa kumimina ni vilevile, na uji wa mtoto ni vilevile. Wapishi wa vitumbua ninaowaheshimu mtaani kwetu wote wanatumia chenga, na wateja wanaowasifia kila asubuhi ndio haohao wanaozicheka dukani.

Uvumi wa mchele wa plastiki nao ungali hai. Ulipita nchi nyingi za Afrika, na mpaka leo video zake zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu anafinyanga wali kama mpira na kuudundisha. Wali wowote ukiufinyanga ungali na ujoto unashikana, kazi ya wanga hiyo. Desemba 2016 forodha ya Nigeria ilikamata shehena ya magunia ikatangaza kwamba ni mchele wa plastiki. Mamlaka ya chakula na dawa ya huko ilipoupima ikakuta ni mchele, ila una vijidudu kupita kiwango. Yaani ubaya ulikuwepo, na ulikuwa wa kawaida kabisa, mchele mchafu. Sisi tumeshika plastiki, habari ya vijidudu hakuna anayeikumbuka.

Kinachonikera zaidi, Mhariri, ni unafiki. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, kila mtu anakwenda dukani na mfuko wake. Simama mlangoni pa duka hilo jioni uangalie. Utaona mifuko yenye nembo za supamaketi za Masaki na Oysterbay, kwa wenye nazo, imefuliwa mpaka nembo inafifia, ndani mna sembe na sukari ya Tandika. Kamati moja ya harusi iliwahi kunipa sharti kwamba mchele utoke supamaketi na risiti waione kwa macho yao. Nikasema sawa, hela ni yenu. Haikupita muda nikamkuta mweka hazina wa kamati hiyo kwenye duka la bei chee, amejitanda ushungi hadi puani, naye si mtu wa kujitanda. Akaniambia, "Aa, dada mpishi, nimemleta tu msichana wangu wa kazi." Msichana mwenyewe sikumwona. Nikamsaidia kubeba dumu la mafuta mpaka kwenye gari.

Yule mama aibu hii haimuumizi, gari analo na dumu anaondoka nalo. Anayeumia ni mwingine. Kwenye nyumba ninayoishi kuna binti mpangaji, anasuka nywele saluni. Kila jioni anatuma mtoto kwa Mangi, mwenye kiduka cha mtaani kwetu, akachukue mafuta ya kupima ya 500. Nikamuuliza, binti yangu, mbona hutufuati kule dukani? Akajibu, "Mama, wakiniona kule watasema nimefulia." Siku hiyo mafuta yalipoletwa nikachukua chupa ya kunyonyea ya mjukuu wangu, ile yenye mistari, nikayamimina humo yote. Yakagota kwenye 70. Mililita 70 kwa 500! Piga hesabu, lita moja inamfikia kwa zaidi ya 7,100. Dumu la lita 5 kule dukani ni 26,000, ambayo ni 5,200 kwa lita. Atasema 26,000 kwa mkupuo hana, na ni kweli hana. Lakini kuna chupa ya nusu lita ya 2,800. Kwa kipimo chake yeye hiyo ni jioni saba, ambazo kwa Mangi zinakula 3,500. Binti anayesuka watu kutwa nzima ananunua mafuta kwa bei kubwa kuliko mweka hazina wa kamati, kwa sababu anaogopa midomo ya akina mweka hazina.

Simsemi Mangi vibaya. Mangi anafungua kabla ya adhana ya alfajiri na anafunga wakati sisi tumeshalala. Ana daftari, na mwezi ukikubana atakuandika bila kukuuliza maswali. Duka la bei chee halimkopeshi mtu. Na anayekaa mbali nalo, nauli ya daladala kwenda na kurudi inapita buku. Akienda kununua kilo moja ya sukari, faida yote inaishia kwa konda. Hayo ni mambo ya mtu kupiga hesabu mwenyewe, kila nyumba na hesabu yake. Aibu ndiyo isiingie humo.

Tena aibu yenyewe haina msimamo. Jengo la maduka la Mlimani City lilipofunguliwa hapa Dar 2006, ndani yake mlikuwa na maduka makubwa ya Shoprite na Game. Kuonekana na mfuko wa Shoprite kwenye daladala ilikuwa sifa, mtu anaupakata nembo ikitazama mbele. Kwao Afrika Kusini, Shoprite ni duka la mtu wa kawaida anayetafuta mkate wa bei nafuu, na Game ilijijengea jina kwa bei za punguzo. Yaani tulikuwa tunaringia duka la bei chee la wenzetu. Shoprite iliwauzia Nakumatt ya Kenya maduka yake ya hapa 2014, Nakumatt nayo ikaanguka, Game ikafunga 2022. Soko la Tandika bado lipo, asubuhi kuna msongamano uleule.

Sokoni nako tungekuwa wakweli tungesema. Sado la nyanya lina kitako kilichosukumwa juu kwa ndani, kila mama anajua, na Wakala wa Vipimo wameshasema mara nyingi bidhaa ziuzwe kwa mizani, si kwa makopo na sado. Viazi vya lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, vinashushwa mchana kweupe. Sijawahi kusoma barua kwenye gazeti lako inayosema soko linatulisha makapi. Soko tumelizoea, duka jipya ndilo la kusengenywa.

Simaanishi maduka haya ni ya malaika. Ukiuza mabaki ya watu, kishawishi cha kuchezea tarehe kipo karibu. Ukiona stika imebandikwa juu ya tarehe ya kuisha muda, au maandishi yamefutwa kwa spiriti, hilo ni kosa na lina mwenyewe: tangu 2019 mambo ya chakula na vipodozi yalitoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, yakahamia TBS, shirika la viwango. Namuuliza msomaji mwenzangu, hayo makapi aliyoyaona aliyapeleka TBS, au yaliishia kwenye grupu la familia? Piga picha ya pakiti, shika risiti ya mashine ya EFD, nenda. Duka likifungwa kwa kosa la kweli nitashangilia wa kwanza, maana mimi chakula changu kikiharibu matumbo ya watu 300 hakuna atakayeuliza nilinunua wapi, ataulizwa mpishi.

Binti wa dada yangu anaishi Ujerumani, na ndiye aliyenifungua macho kwenye jambo moja. Kule kuna maduka ya bei chee ya Aldi, ambayo yalianzia kwenye kijiduka cha mama yao Karl na Theo Albrecht, ndugu walioiunda Aldi, kilichofunguliwa mji wa Essen 1913. Nayo Aldi inauza ndani ya maboksi, na kitoroli hukipati mpaka utumbukize sarafu. Anasema daktari na mfagizi wanasimama foleni moja. Hilo halikunishangaza sana. Kilichonishangaza ni kwamba kila kibandiko cha bei, mbali na bei ya pakiti, kinaonyesha bei ya kilo au ya lita, kwa maandishi madogo pembeni. Siyo hisani ya Aldi, ni sheria ya Umoja wa Ulaya ya tangu 1998, na duka la kifahari linabanwa nayo vilevile. Mteja anatazama pakiti kubwa na ndogo, anaona palepale ipi inampiga. Binti yangu wa saluni angewekewa hiyo, nisingehitaji chupa ya mjukuu.

Naomba wahusika walifikirie hilo kwa maduka yetu yote, ya bei chee na ya Masaki. Na wewe Mhariri nina ombi lako. Gazeti linachapa viwango vya dola, pauni na yuro, nami huku Tandika wanaoshika yuro siwaoni. Kando ya jedwali hilo ingetosha mistari michache tu: mchele, chenga, sembe, maharage, sukari na mafuta, bei ya kilo na ya lita, kwa Tandika, Tandale, Buguruni na Ilala. Bei za jumla Wizara ya Viwanda na Biashara tayari inazikusanya, kwa gunia la kilo 100. Ninazozitaka mimi ni za rejareja, anazolipa mtu mwenye mfuko mkononi. Za Tandika niko tayari kumtumia mwandishi wako mimi mwenyewe kila Jumatatu, siku ambayo huwa sina shughuli.

Mpishi wa shughuli,
Tandika, Dar es Salaam