Mama yangu ameitwa jirani na dada yake wa damu

Asalaam aleikum anti, naandika hii saa tisa usiku, nyumba nzima wamelala na mie usingizi umenipaa, na nikisema nisubiri asubuhi najua sitoandika tena.

Anti wewe unazijua nyumba zetu za Unguja, sina haja ya kukueleza nani alibaki na nani alipanda meli mwaka 64. Babu alikuwa na wake wawili, mkubwa Mwarabu mwenzake na bibi yangu mtu wa Makunduchi. Yalipotokea yale babu akaondoka na mke mkubwa na watoto wa upande ule, mama yangu akabaki, ana miaka saba. Simlaumu babu, Mungu amrehemu, hali ilikuwa hali. Nasema ujue tu kwamba mama na dada yake, huyu mama mkubwa wangu, ni baba mmoja, walilala kitanda kimoja nyumba ya Malindi, mpaka leo mama anakumbuka nani alikuwa analala upande wa ukutani.

Basi Disemba skuli zilipofunga nikampeleka Oman. Nimeweka kwenye kikoba miaka mitatu, tiketi tatu, mie na mama na mwanangu wa miaka tisa, maana mume wangu alisema hana na tena hataki. Mtaani wakasema tunafuata riali. Hatukufuata riali, na hilo naomba uliandike kama utanitoa. Tumekwenda na mzigo wetu, karafuu, vileja, achari ya embe, kanga doti nane, mama alishinda jikoni siku tatu na goti lake lile bovu.

Na sisemi tulipokewa vibaya, nisije nikaonekana sina shukurani. Pale uwanja wa ndege Maskati zilikuja gari tatu, mama mkubwa akamkumbatia mama wakalia mpaka mwanangu akaogopa. Tulikaa kwao Seeb wiki mbili, tukapelekwa Mutrah sokoni, mama akanunuliwa bangili ya dhahabu ambayo hajaivua hadi leo, akapelekwa hospitali kwa goti, akapelekwa Ibra alikozikwa babu, masaa mawili barabarani mama mkubwa kamshika mkono njia nzima. Kiswahili nyumba nzima, hata wajukuu wanasikia ingawa wanajibu kwa Kiarabu. Ndio maana linaniuma zaidi, angekuwa mtu mbaya ningeshasahau.

Siku ya pili baada ya Ibra wakaja wageni wanawake, kumbe ni upande wa msichana anayeposwa na mjukuu wa mama mkubwa. Tumekaa chini majlisi, tende, halwa, kahawa inazungushwa. Mama hajui kwamba kule ukitosheka unatikisa kikombe, basi yule binti anamimina na mama anakunywa, anamimina na mama anakunywa, anaona haya kukataa, cha tano au cha sita hivi ndio yule mgeni mkubwa akamtazama akauliza huyu nani. Mama mkubwa akajibu hapo hapo, wala hakusita, "jaratna min Zinjibar." Jirani yetu wa Zanzibar. Mie Kiarabu nimesoma skuli, nimesikia vizuri sana. Na juu ya kichwa chake ukutani ipo picha ya babu kavaa jambia, na pua ya kwenye ile picha ndio pua ya mama yangu, na watu wote mule ndani wana macho.

Jirani anti. Mtu mliyelala naye kitanda kimoja.

Binti wa mama mkubwa alinifuata jikoni akaniambia usimchukie mama, wale watu wanaulizia asili ya mtu mpaka mababu huko nyuma, na sisi wenyewe tuliotoka Zanzibar bado tunaitwa Wazinjibari, wangejua posa ingevunjika. Nikamwambia basi na ivunjike. Labda nilikosea, nilikuwa mgeni kwenye nyumba ya watu. Na tabu zao nazijua, mama mkubwa mwenyewe alitusimulia waliporudi miaka ya 70, Sultan Qaboos alipowaita watu, jinsi alivyokuwa anachekwa kwa Kiarabu chake. Sasa si ndio yeye angejua uchungu wake?

Mama hakusema kitu. Usiku tumelala akaniambia "kahawa yao nyepesi" akageukia ukutani, basi. Mpaka leo sijui kama alifahamu. Kiarabu cha kuzungumza hajui, lakini msahafu anausoma, na jirani si neno gumu, kila aliyekaa chuoni amefundishwa haki ya jirani.

Sasa nilichofanya, na nilifanya kwa ajili yake. Tuliporudi mama mkubwa akawa anapiga vidio kol kila Ijumaa baada ya sala. Ya kwanza nilivumilia. Ya pili namuona anacheka kule, anamwita mama "mdogo wangu, mdogo wangu", damu ikanichemka, usiku nikachukua simu ya mama nikamblok. Mama hajui mambo ya simu, mie ndio namuwekea bando. Jana ilikuwa Ijumaa ya nne. Anaoga, anatia wanja, anajitanda ukaya wake mpya, anakaa barazani simu iko mapajani mpaka laasiri inaadhiniwa. Jana akaniuliza hebu nitazamie mwanangu, bando limekwisha? Nikamwambia mtandao mbovu. Chakula hakukimaliza.

Na juzi yule binti kaniandikia mie, posa imekubaliwa, harusi baada ya Idi, wanataka kumtumia mama tiketi. Aende kama nani? Nimjibu hivyo? Ataketi wapi siku ile, atasalimiwa kwa jina gani na wale wale wanawake? Nataka mama mkubwa aseme mbele yao huyu ni mdogo wangu, baba mmoja. Halafu nikifikiri tena sitaki hata hilo, nataka nisimsikie kabisa, na mama naye asimsikie. Halafu namuona mama anavyoizungusha ile bangili mkononi.

Anti, nikiifungua namba nimwambie kwanza nilichosikia, au ninyamaze aende zake harusini? Na kama anajua toka siku ile, na bado anaisubiri simu, mie nimemfanyia nini? Nijibu kabla ya Ijumaa tafadhali.