Betri hizi si sarafu, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniambia mjukuu wangu, yule mume wangu, siku hizi kila akiokotacho anakitia mdomoni. Ya kwenye simu husahaulika, ndiyo maana nakuandikia.

Kile kigari cha Kariakoo kinachowaka taa, kigeuze uangalie kifuniko cha betri. Kikifunguka kwa ukucha, mnyang'anye hata akilia. Humo mna zile betri bapa za mviringo, kama za rimoti ya gari. Kubwa zake zina upana wa milimita 20, na hizo ndizo hukwama kwenye umio wa mtoto.

Huku kwetu mtoto akimeza shilingi tunasema itatoka chooni, na ikishafika tumboni mara nyingi hutoka kweli. Betri usiingoje, mama. Ikikwama, umeme wake hupita kwenye nyama yenye majimaji, ikazalisha kostiki, ile ile ya kutengenezea sabuni. Saa 2 tu zinatosha kumuunguza vibaya. Hata iliyokwisha nguvu bado inaunguza. Na ikishatolewa, kidonda huweza kuendelea kula: umio ukatoboka hadi kwenye njia ya hewa, au hadi kwenye mshipa mkubwa, mtoto akatapika damu siku au hata wiki kadhaa baadaye. Wengine hupona lakini umio ukabaki mwembamba, chakula hakipiti.

Ukiona udenda unamtoka, anakohoa, anakataa kula, au umeshuku tu, usimtapishe. Wala usimsukumie tonge la ugali kama tufanyavyo kwa mwiba wa samaki. Kwa kuwa ameshapita mwaka na anameza, mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6, mkiwa njiani. Asali inapunguza makali, haitibu, kwa hiyo usichelewe ukiitafuta. Foleni ya Mbagala yenyewe inaweza kumaliza hizo saa 2. Nenda moja kwa moja penye eksirei, na mapokezi uwaambie wazi: "Nahisi amemeza betri." Usiposema, kwenye picha inaweza kudhaniwa sarafu, daktari akijua, ataangalia kama pembeni kuna duara mbili.

Sumaku ndogo nazo zitoe ndani. Akimeza mbili, huvutana matumbo yakiwa katikati, yakatoboka.

Baba yako atakuja Jumapili na bisibisi. Mwonyeshe na rimoti ya feni.

Mama yako