Cheo cha mfalme kina mwenyewe

Mhariri, naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu kuhusu neno mfalme, manake kanisani tunaliimba kila Jumapili lakini naona maana yake tumeanza kuipindisha.

Kanisani ninaposali kimeletwa kiti. Kina mikono ya rangi ya dhahabu na mahameli nyekundu, kimewekwa juu madhabahuni, katikati ya wiki kinafunikwa nailoni kisiingie vumbi na ni cha kiongozi mmoja tu. Akiingia tunasimama wote, akishakaa ndo na sisi tunakaa. Nilipouliza nikaambiwa huyu ni mtumishi wa Mfalme kwa hiyo lazima ufalme uonekane. Hilo jibu limeninyima usingizi.

Ndugu zangu someni 1 Samweli 8. Wazee wa Israeli walimfuata Samweli wanataka mfalme kama mataifa mengine, Mungu akamwambia hawajakukataa wewe, wamenikataa mimi, alafu akaagiza waelezwe huyo mfalme wao atawafanya nini: atachukua vijana wao wapige mbio mbele ya magari yake, mabinti wawe wapishi na waokaji, mashamba yaliyo mazuri, mizabibu, na sehemu ya kumi ya mbegu na ya mifugo. Ni atachukua, atachukua, mpaka mwisho. Kwa hiyo kumuita Mungu mfalme haikuwa kumpamba tu, ilikuwa ni kumwekea binadamu mpaka.

Na Yesu je? Baada ya ile mikate mitano na samaki wawili watu walitaka kumshika wamfanye mfalme kwa nguvu, akawakwepa akapanda mlimani peke yake. Taji aliyovaa ni ya miiba, cheo chake Pilato ndo alikiandika, kwa Kiebrania, Kilatini na Kiyunani, kikawekwa juu ya msalaba. Na usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amejifunga taulo kiunoni anaosha miguu ya wanafunzi wake, ya Yuda ikiwemo. Mimi hapo kwa Yuda huwa naishiwa maneno kabisa.

Wapo wanaosema neno lenyewe limepitwa na wakati, siku hizi watu wanapiga kura na wafalme wengi waliobaki hawatawali, tutafute neno jingine. Hapo sikubali hata kidogo. Papa Pius XI alipoanzisha sikukuu ya Kristo Mfalme mwaka 1925, watawala wakubwa wa Urusi, Ujerumani na Austria walikuwa wameshaanguka na Mussolini ameshashika nchi pale pale Italia, yani wakati watu wanatafuta binadamu wa kumkabidhi roho zao ndo kanisa likasema hapana, yupo Mfalme tayari. Ukilitoa hilo neno unabakiwa na nini cha kumwambia mtawala anayetaka kuabudiwa? Au mhubiri anayetaka?

Kanuni ya Imani tunayokiri tangu mwaka 381 inasema ufalme wake hautakuwa na mwisho. Sasa kama hauna mwisho, anahitaji nani wa kumkalia kiti?

Sina ugomvi na kiongozi wetu, anahubiri vizuri na wagonjwa anawatembelea kweli kweli. Ninachoomba ni kile kiti kishushwe, akae benchi moja na sisi, na akiingia tuendelee tu kuimba tukiwa tumekaa.

Msomaji wenu wa siku zote