Maandiko matakatifu ni fasihi pia

Mhariri,

Mimi si muumini, wala sifichi. Lakini huniuma kuona wenzangu wasioamini wakiisukuma Biblia kando kana kwamba haina lolote la kuwapa. Hebu wafungue 2 Samweli 18. Absalomu amemwasi baba yake, Mfalme Daudi, na vita vimekwisha. Mjumbe wa kwanza anafika mbio na habari za ushindi. Daudi hashangilii, anauliza tu kama yule kijana yu salama. Anafika wa pili, naye anaulizwa swali lile lile. Jibu linapotoka, kwamba Absalomu amekufa, mfalme anapanda chumba cha juu ya lango akilia, na katika mstari mmoja tu neno “mwanangu” linarudi mara 5. Msimulizi haongezi ufafanuzi wowote. Hana haja.

Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi na bado donge hunikaba kooni. Waumini nao wasidhani kusoma hivi ni dharau. Walimu wa fasihi wauweke mezani pamoja na tanzia za Wagiriki, wanafunzi waujadili bila kuulizwa wanaamini nini.

Msomaji wenu