Dhahabu nayo hushuka bei

Ndugu Mhariri,

Kila sarafu inapoyumba husikika ushauri uleule: toa fedha benki ununue dhahabu, maana dhahabu haishuki. Kweli, dhahabu haichapishwi na serikali, haishiki kutu, wala haitegemei ahadi ya mtu kulipa. Lakini kushuka, inashuka. Januari 1980 wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31.1, ilifika takriban dola 850 za Marekani. Mwaka 1999 ilikuwa karibu dola 250, na bei ile ya 1980 haikuonekana tena hadi Januari 2008. Aliyenunua kileleni alingoja miaka 28 bila senti ya riba, na dola alizorudishiwa zilikuwa zimepungua nguvu mno.

Kuna pia udanganyifu wa macho. Bei ya dunia hutajwa kwa dola. Sarafu ya nchi ikipoteza robo ya thamani yake mbele ya dola, dhahabu huonekana imepanda kwa theluthi nzima, ingawa sokoni haikusogea. Hapo imemkinga mwenyewe, haijamzalishia. Aliyeweka dola angepata kinga hiyohiyo.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, hutokea dukani siku ya kununua. Tuseme gramu ya dhahabu safi ni 100, kwa sarafu yoyote ile. Mkufu wa gramu 20 wa karati 18, yaani sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, una dhahabu safi gramu 15 tu, kwa hiyo madini yake ni 1,500. Sonara akiongeza ujira wa asilimia 20, unalipa 1,800. Ukirudi kuuza, ujira hauhesabiwi. Utalipwa madini, na akikata asilimia 5 unaondoka na 1,425. Gramu lazima ipande hadi zaidi ya 126 ndipo urudishe ulichotoa. Mkufu ni pambo; asiyetaka kujipamba asiuite akiba. Kipande cha karati 24 chenye muhuri wa 999, yaani sehemu 999 za dhahabu kati ya 1,000, kikiuzwa asilimia 3 juu ya bei ya soko na kununuliwa asilimia 2 chini yake, hurudisha mtaji bei ikipanda asilimia 5 na kidogo. Vipande vya gramu moja moja viepukwe: gharama ya kuvitengeneza hugawanywa kwa gramu chache, hivyo kila gramu huwa ghali.

Kuhusu bandia, sumaku haitoshi, kwa kuwa shaba na risasi nazo hazivutwi. Kipimo cha maji ni bora. Pima kipande kikavu. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ning'iniza kipande kwa uzi mwembamba kizame chote bila kugusa chini wala kando, usome namba. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Dhahabu safi hutoa karibu 19.3, risasi 11.3. Kipande cha gramu 10 kitaonyesha gramu 0.52 tu, kwa hiyo mizani isome hadi gramu 0.01, na viputo vya hewa vipanguswe, la sivyo kipande halali kitaonekana bandia. Matapeli wanaojua kazi hutumia tangsteni, metali ambayo kwa kipimo hiki hutoa 19.25, na maji hayatawaumbua. Kipande kikubwa kipimwe kwa mashine ya mawimbi ya sauti kabla ya kulipa.

Fedha ya chakula, kodi na ada ya miezi mitatu hadi sita ibaki fedha, hata kama mfumuko wa bei unaimega. Anayeuza dhahabu kwa haraka, mgonjwa akiwa kitandani, hupokea bei anayotajiwa. Iliyobaki, ambayo haitaguswa kwa miaka mitano au zaidi, ndiyo inayoweza kuingia kwenye dhahabu, tena kwa sehemu na kwa awamu, pamoja na risiti inayotaja uzito, karati na namba ya kipande. Bila risiti hiyo, mnunuzi makini atadai kuyeyusha au kupima upya, na gharama ataikata kwako.

Wasalaam,
Msomaji wenu