Risala ya Klabu ya Hisabati kwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, Bagamoyo

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya yetu. Ndugu Mkuu wa Shule. Wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa niaba ya wanachama wa klabu ya hisabati tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Wapo waliouliza kwa nini katika Siku ya Hisabati tumemwalika daktari na si mhandisi au mhasibu. Tumekualika kwa sababu anayefanya maamuzi kwa niaba ya maelfu ya watu hana budi kuhesabu, na kwa sababu mwaka huu klabu yetu imejishughulisha zaidi na hesabu za malaria, ugonjwa unaojulikana katika kila nyumba hapa Bagamoyo.

Tulianza na mbu. Ronald Ross, daktari wa Kiingereza aliyegundua vimelea vya malaria tumboni mwa mbu huko India mwaka 1897, aliandika baadaye milinganyo iliyoonyesha kwamba si lazima kumuua kila mbu ili malaria itokomee. Inatosha kuwapunguza hadi chini ya kiwango fulani. Katika miaka ya 1950, mtaalamu wa malaria George Macdonald aliziendeleza hesabu hizo kwa kuangalia umri wa mbu. Mbu aliyenyonya damu yenye vimelea hawezi kuambukiza siku hiyo wala kesho yake, kwani vimelea huhitaji siku kumi hivi au zaidi kukomaa mwilini mwake, na mbu anayekufa kabla ya hapo hamwambukizi mtu.

Wanafunzi wa kidato cha pili walilifanyia jambo hili hesabu ubaoni. Walichukua mbu 100 na kukadiria kwamba kila siku wanaponea tisa katika kila kumi. Wakaandika 100, 90, 81, 73, 66, wakaendelea hadi siku ya kumi, wakabakiwa na mbu 35. Kisha wakarudia kwa kukadiria kwamba wanaponea wanane katika kila kumi: 100, 80, 64, 51, 41, na siku ya kumi wakabaki 11 tu. Tofauti ya mbu mmoja katika kumi kwa siku imewapunguza mbu wanaofikia umri wa kuambukiza kwa zaidi ya mara tatu. Ndugu Mgeni Rasmi, darasa lilinyamaza, kisha mmoja akauliza kama ndiyo sababu chandarua huwekwa dawa. Ndiyo hasa. Chandarua chenye dawa humkinga aliyelala ndani yake, lakini pia humuua mbu ambaye usiku mwingine angeingia kwa jirani. Kwa hiyo sera ya kugawa vyandarua kwa kaya zote, zikiwemo zisizo na uwezo wa kununua, ina msingi wa kihisabati pamoja na ule wa huruma, na chandarua kinachozungushiwa bustani ya mchicha ni hasara kwa mtaa mzima.

Ndugu Mgeni Rasmi, jambo la pili linaihusu wilaya yetu moja kwa moja. Bagamoyo, pamoja na Korogwe mkoani Tanga, ni miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoshiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyohusisha watoto zaidi ya 15,000. Matokeo ya mwisho, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, matukio ya malaria yalipungua kwa takriban asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi. Mzazi aliyezoea kusoma ripoti ya shule akiiona 36 atadhani chanjo imefeli. Hata hivyo, asilimia hiyo haina maana kwamba watoto 36 katika 100 wamekingwa kabisa na 64 wameachwa bila kinga. Ni upungufu wa jumla ya matukio yote. Tukichukua mfano wa kufikirika wa watoto 1,000 ambao kwa wastani kila mmoja huugua mara moja kwa mwaka, upungufu huo ni sawa na matukio 360 yaliyoepukwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto mwezi Oktoba 2021, na sisi tunaona fahari kwamba sehemu ya ushahidi huo ilitoka kwa watoto wa hapa, kwa ridhaa ya wazazi wao.

Jambo linalotusumbua ni idadi zinazotajwa nusu. Tuseme zahanati ilipima watu 200 mwezi Januari, ikapata wagonjwa 40, na mwezi Mei ikapima 600, ikapata 90. Anayesikia kwamba wagonjwa wameongezeka kutoka 40 hadi 90 ataingiwa na hofu, ilhali kati ya waliopimwa, wenye malaria wamepungua kutoka asilimia 20 hadi 15. Wala asilimia hiyo haitoshi peke yake, kwa kuwa waliofika kupimwa Mei huenda si watu wa aina moja na wale wa Januari.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, mbao za matangazo za zahanati na vituo vya afya zioneshe idadi ya waliopimwa kando ya idadi ya waliokutwa na malaria. Pili, klabu ipatiwe jumla za kila mwezi kutoka katika vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya takwimu za huduma za afya, bila majina wala taarifa yoyote ya mgonjwa, maana siri ya mgonjwa ina uzito kuliko somo letu, ili wanafunzi wachore grafu zake na kuziwasilisha ofisini kwako kila muhula.

Ndugu Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.